Moshi wa Mpunga: Punjab Kutoka Njaa Hadi Hewa Chafu

Mpunga unapovunwa kaskazini mwa India, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Novemba, maelfu ya mashamba katika majimbo ya Punjab na Haryana hutiwa moto ili kuteketeza mabua yaliyobaki. Upepo wa msimu huo huvuma kutoka kaskazini-magharibi na kuubeba moshi hadi Delhi, ambako huchanganyika na moshi wa magari, viwanda na vumbi la ujenzi. Kila mwaka swali linaloulizwa ni lile lile: kwa nini mkulima wa Punjab hataki kuacha kuchoma? Swali hilo linaanzia mahali pasipofaa. Ukifuatilia historia ya mashamba hayo kwa miaka 60 iliyopita, utaona kwamba mkulima ndiye anayewasha kiberiti, lakini sababu za kukiwasha zilijengwa hatua kwa hatua na maamuzi ya serikali. Kila uamuzi ulitatua tatizo la kweli na kuzaa jingine. Chakula kilipatikana kwa gharama ya maji. Jitihada za kuokoa maji zikamnyima mkulima muda. Muda ulipomwishia, gharama yote ikaangukia hewa.

Punjab si jina geni Afrika Mashariki. Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na wengi wao walitoka huko. Walikuwa watoto wa nchi ya ngano. Mwaka 1947 mpaka mpya uliikata Punjab vipande viwili, na sehemu kubwa ya mashamba yaliyomwagiliwa kwa mifereji ya enzi za Waingereza ikabaki Pakistan. Upande wa India, wakulima waliendelea kupanda ngano wakati wa baridi, na wakati wa mvua wakapanda mahindi, uwele, pamba na jamii ya kunde. Mpunga ulikuwa zao la pembeni: mwaka 1960/61 ulichukua hekta zipatazo 227,000 tu, na Wapunjabi wenyewe mpaka leo ni watu wa chapati zaidi kuliko wali. Mavuno yalikatwa kwa mundu karibu kabisa na ardhi, na mabua ya ngano yakakatwakatwa kuwa chakula cha nyati na ng'ombe. Kilichobaki shambani kilikuwa kidogo, na jembe la kukokotwa lilikimaliza. Anayesema kwamba kuchoma ni mila ya kale ya watu wa Punjab hasomi vizuri historia yao.

Mabadiliko yaliletwa na njaa. Mwaka 1965 na tena 1966 mvua za masika ya India zilikosekana, na nchi ikalazimika kuishi kwa ngano ya msaada kutoka Marekani, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitoa kidogo kidogo ili kuishinikiza serikali ya Delhi. Waziri wa kilimo, C. Subramaniam, akishirikiana na mtaalamu wa mimea M. S. Swaminathan, aliamua kutegemea mbegu za ngano fupi zilizozalishwa na Norman Borlaug nchini Mexico. Mwaka 1966 India iliagiza tani 18,000 za mbegu hizo. Punjab ilikuwa tayari kuzipokea: ilikuwa na maji, wakulima wachapakazi, na chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Ludhiana mwaka 1962. Tayari mwaka 1965 serikali ilikuwa imeunda shirika la kununua na kuhifadhi nafaka na tume ya kupendekeza bei, kwa hiyo mkulima alijua kabla ya kupanda kwamba ngano yake ingenunuliwa, na kwa bei gani. Katikati ya miaka ya 1960 India ilivuna takribani tani milioni 12 za ngano kwa mwaka. Mwaka 1970 ilivuna tani milioni 20. Mwenye njaa hana miiko, na hakuna mtu mwenye haki ya kuwalaumu viongozi wa wakati ule kwa kuchagua mkate. Lililokosekana ni mtu wa kuuliza baada ya shibe kama mpango ule bado ulifaa.

Badala yake mpango ulipanuliwa. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino ilitoa mbegu ya IR8 mwaka 1966, na serikali ikaanza kununua mpunga wa Punjab kwa uhakika ule ule ilionunulia ngano. Mahindi na kunde vilitangaziwa bei pia, lakini mnunuzi wa serikali hakuonekana sokoni. Mkulima mwenye akili timamu angefanya nini? Alihamia kwenye mpunga, na leo zao hilo linachukua hekta zipatazo milioni 3 katika jimbo ambalo hali yake ya hewa ni ya nusu ukame. Mvua haitoshi mpunga wa kusimama majini, kwa hiyo maji yalivutwa kutoka ardhini, na visima vya pampu vikaongezeka mpaka kupita milioni moja. Mwaka 1986 kamati iliyoongozwa na mwanauchumi S. S. Johl ilionya kwamba angalau asilimia 20 ya ardhi ya ngano na mpunga ihamishiwe mazao mengine. Onyo hilo liliwekwa kando, na mwaka 1997 serikali ya jimbo ikawapa wakulima wote umeme wa pampu bure. Kilichofuata kilitabirika. Tathmini ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika maeneo 138 ya jimbo yaliyopimwa, 109 yalikuwa yakinyonya maji mengi ya ardhini kuliko yanayorudi.

Wakati mpunga ukienea, namna ya kuuvuna nayo ilibadilika. Vibarua wa kuvuna walikuwa wakitoka Bihar na Uttar Pradesh, na kadiri walivyopungua na ujira ulivyopanda, kombaini ziliteka mashamba. Inafaa kutazama kwa karibu kile ambacho kombaini hukiacha nyuma, maana ndicho kiini cha jambo lenyewe. Mashine hukata mpunga mbali na ardhi, hupura punje ndani yake, kisha humwaga mabua yaliyopurwa nyuma yake katika mstari mzito. Shamba hubaki na mashina yaliyosimama, magumu na yenye unyevu, na juu yake zulia la mabua yaliyolegea ambayo hujisokota kwenye mashine ya kupandia ngano na kuikwamisha. Ngano inapovunwa kwa kombaini, mkulima hurudi na mashine nyingine kukusanya mabua kwa ajili ya mifugo. Mabua ya mpunga hayana bahati hiyo, kwa sababu yana silika nyingi na wanyama wa Punjab hawayapendi. Kila mwaka jimbo hilo hubaki na takribani tani milioni 20 za mabua ya mpunga yasiyo na mlaji.

Kuna ushahidi mmoja unaotosha kuondoa dhana kwamba tatizo ni ukaidi. Wakulima hao hao hulima pia mpunga wa basmati. Sehemu kubwa ya basmati huvunwa kwa mkono ili punje ndefu zisivunjike, na mabua yake ni laini kiasi kwamba mifugo huyala. Mashamba ya basmati huchomwa mara chache zaidi. Mtu ni yule yule na kijiji ni kile kile; kilichobadilika ni aina ya mpunga, mashine na thamani ya mabua. Tabia inayobadilika kila hali inapobadilika haiwezi kuitwa ukaidi.

Kabla ya 2009 moto ulikuwepo, lakini ulitokea mapema zaidi, wakati hewa bado ina joto na upepo bado unavuma. Uamuzi wa kuusogeza ulitoka mahali ambapo hakuna aliyefikiria moshi. Kwa kuwa maji yalikuwa yakiisha, na kwa kuwa umeme wa bure uliendelea, Punjab ilitunga sheria mwaka 2009 ya kulinda maji ya ardhini, na Haryana ikafuata. Sheria ilipiga marufuku kupandikiza mpunga kabla ya 10 Juni, ili miche isisimame majini wakati wa jua kali la Mei. Aliyekiuka alitozwa rupia 10,000 kwa hekta kwa mwezi, na miche yake ikang'olewa kwa gharama yake mwenyewe. Tarehe ilisogezwa tena hadi 15 Juni mwaka 2014 na 20 Juni mwaka 2018. Kwa upande wa maji, nia ilikuwa njema. Lakini mpunga uliochelewa kupandwa huchelewa kuvunwa, hasa mbegu ya Pusa 44 iliyopendwa kwa mavuno yake makubwa, ambayo huchukua takribani siku 160 kukomaa. Ngano nayo haingoji: isipopandwa ifikapo katikati ya Novemba, joto la Machi huikuta haijakomaa na mavuno hushuka. Mkulima alibaki na wiki mbili au tatu za kuvuna, kusafisha shamba na kupanda, wakati jirani zake wote wanatafuta trekta ile ile. Kiberiti kilimaliza kazi kwa nusu siku.

Muda mpya wa moto ulikuwa mbaya kuliko wowote. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba upepo wa Bonde la Ganges hutulia, usiku huwa wa baridi, na hewa ya chini hufunikwa na hewa yenye joto iliyo juu yake, hivyo moshi hukosa pa kutokea. Chembechembe zinazosumbua zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba kiwango chake kisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku. Novemba, Delhi hupita kiwango hicho mara nyingi mno. Mwaka 2017 Chama cha Madaktari cha India kilitangaza hali ya dharura ya afya ya umma na shule zikafungwa. Desemba mwaka huo wachezaji wa kriketi wa Sri Lanka walivaa barakoa katika uwanja wa Feroz Shah Kotla mjini Delhi, na mchezo ukasimamishwa mara kadhaa. Moshi haukujali hata mpaka wa 1947: Novemba 2024 Lahore, mji mkuu wa Punjab ya Pakistan, nayo ilifunga shule. Na wanaotangulia kuuvuta si watu wa mjini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia takwimu za afya za watu wapatao 250,000, ulikuta kwamba kuishi katika wilaya zenye moto mwingi kunahusiana na hatari mara tatu zaidi ya maambukizi makali ya njia ya hewa. Mtoto wa mkulima hulala karibu zaidi na moto kuliko mtoto wa Delhi.

Jibu la kwanza la dola lilikuwa adhabu. Mwaka 2015 mahakama maalumu ya mazingira ilipiga marufuku uchomaji na kuweka faini ya rupia 2,500 kwa mwenye chini ya ekari 2, 5,000 kwa mwenye ekari 2 hadi 5, na 15,000 kwa aliyezidi hapo. Maofisa waliotakiwa kutoza faini hizo ndio waliokuwa wakiishi na wakulima, na chama chochote kilichotaka kura za vijijini kilisita. Wakulima walipoizingira Delhi tangu Novemba 2020 wakipinga sheria tatu za masoko ya kilimo, kuondolewa kwa adhabu ya kuchoma mabua kulikuwa miongoni mwa madai yao, na sheria ya mwaka 2021 iliyounda tume ya ubora wa hewa ikawaondoa katika kifungo na faini za jinai. Novemba 2024 serikali kuu ilizidisha tozo maradufu. Kamba ilivutwa na kulegezwa, na mpangilio wa mazao haukuguswa.

Wapo wanaosema kwamba hoja hii inamsafisha mkulima kupita kiasi: ni mtu mzima, anajua moshi unaua, na bado anawasha. Hoja hiyo ina uzito. Tena mkulima hujidhuru mwenyewe, kwa maana tani moja ya mabua ikiungua hupoteza takribani kilo 5.5 za nitrojeni na kilo 25 za potasiamu, ambazo baadaye hununuliwa dukani kwa jina la mbolea. Lakini wajibu wa mtu hupimwa kwa njia zilizo mbele yake. Mashine ya kupanda ngano katikati ya mabua, iitwayo Happy Seeder, ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wataalamu wa Ludhiana kwa ushirikiano na Waaustralia. Hukata mabua, huyainua, hupanda mbegu kwenye udongo, kisha huyatandaza juu ya mstari kama matandazo. Ni kazi nzuri kwelikweli. Hata hivyo inahitaji trekta lenye nguvu, hutumika wiki chache tu kwa mwaka, na mpaka mwaka 2018, serikali ilipotenga zaidi ya rupia bilioni 11 kutoa ruzuku ya asilimia 50 kwa mtu mmoja na 80 kwa vikundi, wakulima wadogo wengi hawakuweza kuifikia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliagiza wadogo wasiochoma walipwe rupia 100 kwa kila kilo 100 za mpunga. Mahakama yenyewe, kwa kuagiza hivyo, ilikiri kwamba kutokuchoma kuna gharama na kwamba gharama hiyo si ya mkulima peke yake.

Wengine husema kinyume: moto wa mashambani unasingiziwa, Delhi inajichafua yenyewe. Ni kweli kwamba ukihesabu mwaka mzima, magari, viwanda, mitambo ya makaa ya mawe, vumbi na takataka zinazochomwa vina sehemu kubwa zaidi, na Delhi isingekuwa na hewa safi hata kama Punjab isingekuwepo. Lakini katika siku za kilele cha moto, mabua yamewahi kuchangia zaidi ya theluthi ya chembechembe ndogo jijini humo, na siku hizo ndizo zinazojaza hospitali. Kukubali chanzo kimoja hakufuti kingine.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la takwimu. Setilaiti zilihesabu moto 71,304 Punjab katika msimu wa 2021, na 10,909 tu msimu wa 2024. Je, hiyo si dalili kwamba adhabu na mashine vimeshinda? Kwa sehemu, ndiyo: mashine zimeongezeka kwa maelfu, viwanda vimeanza kununua mabua kama kuni, na juhudi hizo zisidharauliwe. Ila setilaiti zinazotumika kuhesabu hupita juu ya Punjab mapema alasiri. Uchambuzi wa mwaka 2024 uliotumia setilaiti ya Korea Kusini, inayotazama eneo hilo bila kuondoka, ulionyesha kwamba moto mwingi umehamia saa za baadaye, baada ya zile nyingine kupita. Adhabu ikizidi njia mbadala, mtu hujifunza kuficha.

Kwamba moto unaweza kukoma, nchi nyingine zimethibitisha, na namna zilivyofanya inafundisha. Uingereza na Wales zilipiga marufuku uchomaji wa mabua ya nafaka mwaka 1993, mahali ambapo mashamba ni makubwa, matrekta yapo, na mavuno ya Agosti huacha muda wa kulima kabla ya kupanda tena. Jimbo la California lilipitisha sheria ya mpunga mwaka 1991, ikapunguza uchomaji hatua kwa hatua kwa miaka kumi na kuruhusu sehemu ndogo tu kwa sababu za magonjwa ya mimea. Wakulima walianza kufurikisha mashamba wakati wa baridi ili mabua yaoze, na mashamba yakawa makazi ya ndege wahamao. California haina ngano inayogombea shamba lile lile wiki mbili baadaye. Kote kuwili sheria ilifaulu kwa sababu mkulima alikuwa na muda, na muda ndio hasa ambao sheria za Punjab zilimnyang'anya.

Kwa hiyo dawa ya kudumu imo katika kalenda na katika bei. Mbegu ya PR 126 iliyotolewa na chuo cha Ludhiana hukomaa wiki kadhaa kabla ya Pusa 44, na Pusa 44 yenyewe imeanza kuondolewa mashambani. Hatua hiyo inamrudishia mkulima muda bila kumwongezea pampu. Mwaka 2025 Punjab ilirudisha tarehe ya kupandikiza nyuma hadi 1 Juni, jambo linalosaidia hewa lakini linarudisha mzigo kwa maji, yaani kosa la 2009 likigeuzwa upande wa pili. Njia inayookoa vyote viwili ni kupunguza hekta za mpunga, na hilo haliwezekani mpaka mahindi na kunde vipate mnunuzi wa uhakika kama yule ambaye ngano ilimpata mwaka 1965. Atakayeuliza nani atailisha India mpunga wa Punjab ukipungua, ajibiwe kwamba nchi hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja imekuwa muuzaji mkubwa wa mchele nje ya nchi kuliko wote duniani, na kinachouzwa nje ni pamoja na maji ya Punjab. Njaa iliyohalalisha mpango wa 1966 haipo tena kwa sura ile. Mpango ndio uliobaki.

Historia hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki pia. Kombaini zinaongezeka katika mabonde ya mpunga ya Mbarali na Kilombero nchini Tanzania, na Mwea nchini Kenya, na zinapokelewa kwa furaha, kwa haki, kwa sababu zinapunguza mateso ya mundu na upotevu wa punje. Huko Mwea mabua bado yana thamani, wafugaji huyanunua kulisha ng'ombe wa maziwa, na soko hilo ni kinga kubwa kuliko tangazo lolote la marufuku. Serikali na vyama vya ushirika vinapotoa mkopo wa kombaini, mkopo huo ujumuishe mashine ya kukata au kufunga mabua. Vinapogawa maji na mbegu, vihesabu siku zitakazobaki kati ya zao moja na jingine. Punjab iliachia mabua yawe suala la mkulima peke yake, na miaka 30 baadaye yakawa suala la mahakama, hospitali na shule za mji mzima. Ni rahisi zaidi kulipanga jambo hili sasa, wakati mashine bado zinahesabika, kuliko kulitoza faini baadaye.